Tega, nitegue: mwongozo kamili wa kuandaa usiku wa maswali ya katuni za zamani barazani Lamu

Hapa Lamu ukipaza sauti "Kitendawili!" kwenye baraza yoyote, hata anayesinzia atakujibu "Tega!" kabla hajafumbua macho. Kwa miaka mingi mimi na wenzangu tunaopenda vitabu vya katuni vya zamani tulikuwa tukiulizana maswali kama mtihani: huyu alitoka mwaka gani, yule alichorwa na nani. Aliyejua alijibu, asiyejua alinyamaza, na baada ya maswali kumi mazungumzo yalishahamia kwenye bei ya samaki. Siku tuliyoanza kuyatega maswali yaleyale kama vitendawili, watu walijaa hadi wakakalia ngazi ya jirani. Walikuwepo wazee waliosoma katuni tangu shule ya msingi, na walikuwepo vijana wanaowajua mashujaa hawa kwa sinema tu. Wote walipata pa kuingilia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya vivyo hivyo kwake. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua ya tatu ndiyo moyo wa shughuli nzima, na hapo nitakaa sana.

Hatua ya kwanza: kusanya kurasa kabla ya kukusanya maswali

Sheria yetu ni moja: pasipo na ukurasa, hapana swali. Kila jambo utakalolitega, uwe na kitabu, chapa ya marudio, au picha safi ya ukurasa wenyewe ndani ya simu, tayari kuonyeshwa jibu likitoka.

Sheria hii niliipata kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilitega kwa kujiamini kwamba ngao ya Captain America imekuwa duara tangu siku ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu aliinuka polepole, akaenda kwake Langoni, akarudi na chapa ya marudio chini ya kwapa. Akafungua jalada la toleo la kwanza, la Machi 1941: shujaa anampiga Hitler ngumi ya uso, na mkononi mwake ngao ina pembe kama beji ya askari. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo duara umeiona wapi?" Duara ilikuja toleo la pili, kwa sababu kampuni nyingine iliyokuwa na shujaa aitwaye The Shield ililalamika kwamba ngao ile inafanana mno na vazi la mtu wao. Lalamiko la jirani ndilo lililozaa silaha inayojulikana dunia nzima. Nilikuwa nimelipoteza swali zuri kuliko yote ya usiku ule kwa kutofungua kitabu.

Usidhani unahitaji nakala za asili. Action Comics nambari 1, alimotokea Superman, iliuzwa senti 10 mwaka 1938, na mwaka 2024 nakala moja iliuzwa dola milioni 6. Chapa za marudio zinatosha kabisa, mradi ujue umeshika nini. Vyangu vingi vimetoka kwa wauza vitabu vya mitumba Mombasa, vingine vimeachwa na wageni waliomaliza likizo Shela, na vichache ni urithi wa ami yangu aliyekuwa akisafiri.

Hatua ya pili: jua umri wa kitabu ulichoshika

Hapa ndipo wapenzi wengi huteleza. Anza na tarehe ya jalada. Katuni za Marekani ziliwekwa tarehe ya mbele, ili muuza magazeti ajue lini aitoe rafuni, si lini aipokee. Action Comics nambari 1 imeandikwa Juni 1938 lakini ilikuwa sokoni tangu Aprili. Captain America ya Machi 1941 ilitoka Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Kwa hiyo unapotega swali la mwaka, sema wazi: "kwa tarehe ya jalada". Neno hilo limetuokolea ugomvi mwingi.

Jalada likiwa limechanika, angalia maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza au upande wa ndani wa jalada. Humo mna jina la kampuni, nambari ya toleo na mwezi. Watu huyaruka kwa sababu ya udogo wake. Mimi huyasoma kwa kioo cha kukuzia, kama fundi saa.

Halafu tazama bei. Katuni za kawaida za Marekani zilikuwa senti 10 hadi mwishoni mwa 1961, zikapanda senti 12, na mwaka 1969 zikawa senti 15. Kuanzia hapo bei haikutulia tena. Ukikuta bei ya Uingereza yenye herufi d, mfano 9d, hiyo ni ya kabla ya Februari 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya fedha zao. Na ukikuta mistari ya kusomwa na mashine juu ya jalada, kitabu ni cha katikati ya miaka ya 1970 au baadaye.

Ishara ninayoipenda zaidi ni muhuri mdogo wa pembeni uliofanana na stempu ya posta. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Maseneta wakakaa vikao, wachapishaji wakaogopa, wakaunda chombo chao wenyewe cha kukagua. Kitabu kilichopita ukaguzi kilipigwa muhuri huo, na uliendelea kuonekana kwa zaidi ya nusu karne, hadi 2011. Ukiona muhuri, kitabu si cha kabla ya 1954. Lakini usigeuze hoja kichwa chini: kutokuwepo kwa muhuri si ushahidi wa uzee. Kampuni ya Dell, iliyochapa bata na panya wa Disney, haikujiunga na ukaguzi huo kamwe.

Tahadhari moja ya mwisho kwa wanunuzi. Mwaka 1974 ilitolewa chapa ya marudio ya Action Comics nambari 1, ndani na nje kama ya asili, ikiwa na jalada la pili la juu lililotaja kuwa ni marudio. Wajanja hulichana jalada hilo wakauza kilichobaki kama lulu. Chukua rula: ile ya 1974 ni kubwa mno, takriban inchi 10 kwa 13 na nusu. Ya asili haifiki ukubwa huo.

Hatua ya tatu: geuza jambo liwe kitendawili

Swali la mtihani linataka mtu akumbuke. Kitendawili kinataka mtu afikiri, na hata asiyekumbuka hufika kwa miguu yake. Kwa hiyo chukua jambo la kweli, lifiche ndani ya mambo ya kila siku, na ulipe mdundo.

Tuseme unataka kuuliza kuhusu Hulk. Katika toleo lake la kwanza, Mei 1962, ngozi yake ilikuwa kijivu. Mitambo ya chapa ya wakati ule ilishindwa kuishika rangi hiyo: ukurasa huu amepauka, ukurasa ule amekuwa kama mkaa, kwingine rangi imeelekea kijani. Toleo la pili wakaamua awe kijani moja kwa moja. Swali la mtihani lingekuwa: "Hulk alianza na rangi gani?" Sisi hutega hivi: *Nilizaliwa kijivu, nikakua kijani, wala sikuugua.* Mtoto mmoja alipiga kelele "Kinyonga!" na baraza nzima ikamkubalia kuwa amefikiri vizuri, kisha kijana aliyeona sinema tu akakamata neno "kijani" akafika kwa Hulk. Mzee wa kando akamalizia habari ya mitambo ya chapa. Watu watatu wa rika tatu, kitendawili kimoja.

Superman ana utajiri wa vitendawili. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, walilipwa dola 130 kwa hadithi ya kwanza, na haki zote za shujaa wakazitoa hapohapo. *Baba zangu wawili waliniuza kwa dola mia moja na thelathini, nikawatajirisha wasionizaa.* Kimya huingia kitendawili hiki kikitegwa, kwa sababu kila mtu barazani anamjua mtu aliyeuza shamba la Manda au la bara kwa bei ya kutupa.

Mwanzoni, tena, Superman hakuwa akiruka angani kama ndege. Alichupa thumni ya maili, yaani kama mita 200, kisha akatua. Hiki hatukutaabika kukitunga, maana neno limejileta lenyewe: *Leo naruka bila kikomo, jana nguvu zangu zilikuwa thumni.* Watoto hufikiria sarafu ya senti hamsini, wazee hukumbuka kwamba thumni ni sehemu ya nane, na hapo ndipo mlango hufunguka.

Jiwe la kryptonite, linalomdhoofisha, lilianza katika mchezo wa redio mwaka 1943. Vitabuni liliingia mwaka 1949. *Nilisikika kabla sijaonekana, na shujaa akaniogopa.* Watu watasema radi. Radi huonekana kabla ya kusikika, waambie, kisha wape muda.

Mwandishi wa Tintin, yule mwanahabari kijana wa katuni, aliitwa Georges Remi. Aligeuza herufi za kwanza za majina yake, R mbele na G nyuma, akazitamka kwa Kifaransa zikawa Hergé. *Nimevaa jina langu nyuma mbele, nalo limenienea.* Tintin mwenyewe alitoka mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929, katika gazeti la watoto la Ubelgiji. Wale wapelelezi wake wawili wenye kofia nyeusi, Dupond na Dupont, si ndugu. Jina la mmoja linaishia kwa d, la mwingine kwa t, na kwa picha wanatofautiana masharubu tu: ya Dupond yamenyooka, ya Dupont yamejikunja ncha. *Pacha wasiozaliwa nyumba moja, mpaka wetu ni nywele.* Hiki usikiseme tu. Shika ukurasa juu, waache wasogee, waangalie ncha za masharubu kwa macho yao. Nimewaona watu wazima wakibishana pua kwa pua na karatasi.

Kabla hujakiingiza kitendawili kwenye orodha ya usiku, kijaribu kwa mambo mawili. Jibu litoshe pumzi moja. Na baada ya jibu pawe na "kwa nini". Tarehe ya kuzaliwa kwa Batman (Detective Comics nambari 27, Mei 1939) ni jambo la kweli, lakini ukishalitaja limeisha. Bill Finger, aliyemwandika Batman pamoja na mchoraji Bob Kane, hakutajwa rasmi kuwa mmoja wa waundaji hadi mwaka 2015, zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake. Hilo lina "kwa nini" ya kutosha usiku mzima. Tega hilo.

Lipo pia lile la majina. Stan Lee, mwandishi wa kampuni ya katuni ya Marvel, alipenda kuwapa watu wake majina yanayoanza kwa herufi moja, kama Peter Parker wa Spider-Man, ili ayakumbuke kwa urahisi. Hata hivyo siku moja alimwandika Bruce Banner, yule anayegeuka Hulk, kama Bob Banner. Wasomaji wakamkamata. Akatangaza kwamba jina kamili ni Robert Bruce Banner, na kuanzia hapo likawa kweli. Kwa mtu wa Lamu, ambako mtoto anaweza kuwa na jina la nyumbani, la chuoni na la mtaani, hili halihitaji kufafanuliwa.

Hatua ya nne: vya kwetu visikae mkiani

Angalau theluthi ya vitendawili iwe ya Afrika Mashariki. Sababu yangu si uzalendo wa mdomo. Katuni za Marekani zimeandikwa na kuhesabiwa toleo kwa toleo, ila za kwetu nyingi zimebaki vichwani mwa wazee wetu, na kichwa hakina chapa ya marudio.

Anza na mtego huu, haujawahi kuniangusha: *Mpelelezi wa kofia na sigara, hakuna kalamu iliyonigusa.* Ni Lance Spearman, "Spear", wa gazeti la African Film lililochapwa na kampuni ya Drum mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970. Watu hukumbuka kuwa ni katuni, lakini haikuchorwa. Ilipigwa picha, fremu kwa fremu, maneno yakawekwa juu yake, na aliyemwigiza ni Jore Mkwanazi. Taja jina la Lemmy, yule kijana msaidizi wake, uone wazee watakavyowaka.

Kutoka Tanzania kuna jarida la Sani lenye kina Madenge, Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Jina hilo la mwisho ni kitendawili tosha: ndumilakuwili ni nyoka asemwaye kuwa na vichwa viwili, na ni mtu anayekula huku na huku. Kuna Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kwetu Kenya kuna Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miongo mingi, kuna jarida la Joe lililoanzishwa mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, na vitabu vya Pichadithi vya miaka ya 1980 vilivyogeuza masimulizi ya jadi, kama ya Lwanda Magere, kuwa katuni.

Ukimkuta mzee anayekumbuka hadithi usiyoijua, mwamkie, kaa, msikilize hadi mwisho. Usimkatize kumsahihisha mwaka. Mwombe akwambie alikuwa ameketi wapi alipoisoma, nani alimwazima, nani alikuwa akisoma kwa sauti. Jina la mchoraji huja lenyewe katikati ya hayo. Andika usiku huohuo.

Na usiogope kukutanisha vya nje na elimu ya hapa. Katika kisa cha Tintin cha Bahari ya Shamu, kilichotoka kama kitabu mwaka 1958, Tintin na Kapteni Haddock wanapanda sambuki. Nilipoupitisha ukurasa, nahodha mmoja mzee aliushika kwa mikono miwili, akauweka mbali na macho kisha karibu. Akatueleza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ya sambuki inavyopinda na kulala mbele, na jinsi omo ya jahazi la Amu inavyosimama wima, na kwa nini. Hakuwahi kumsikia Tintin. Usiku ule yeye ndiye aliyefundisha kuliko sisi sote.

Hatua ya tano: daka, saa, na halua

Usiku wetu huanza saa mbili na nusu, baada ya isha, na saa nne tumefunga. Vitendawili ishirini vinatosha. Zaidi ya hapo watu hujibu kwa uchovu.

Daka la nyumba ya kale ya Lamu, yaani kibaraza cha mlango wa mbele, limeshakupangia mchezo: baraza mbili za mawe zinatazamana, mlango kati. Baraza ya kulia timu moja, ya kushoto timu nyingine, mtegaji amesimama mlangoni. Gawanya wajuzi sawasawa. Usiwaache wazee wote wakae upande mmoja kwa kuwa wamezoeana. Taa iwe juu ya mtegaji, isiwe juu ya vitabu, maana wadudu wa taa huanguka. Acha njia wazi, punda watapita. Dada yangu huendesha usiku wake wa maswali ndani, kiwandani, yaani kwenye ua wa nyumba, na kina mama na mabinti, na nakiri maswali yao ya hadithi za mapenzi za Sani hatuwezi kuyajibu sisi wa nje.

Sasa halua. Kahawa ya dele na halua ndivyo vinavyowaleta watu, na ndivyo vinavyoua vitabu. Nina ukurasa mmoja wa miaka ya 1960 wenye alama ya dole gumba: mafuta yamezama kwenye karatasi hadi ikawa kama kioo, na ukiuinua kwenye mwanga unayasoma maneno ya upande wa pili katikati ya mistari ya dole. Haitoki. Kwa hiyo tulitenganisha. Vitabu hukaa juu ya mkeka safi ndani ya kizingiti, na mtu mmoja tu, aliyenawa kwa sabuni na kukauka, ndiye anayevigusa. Tunamwita mshika kurasa, na kazi hiyo tunampa kijana makini, anaionea fahari. Wengine wote huona kwa macho au kwa picha ya simu.

Alama tatu kwa anayetegua bila msaada, mbili baada ya kidokezo cha kwanza, moja baada ya cha pili. Alama moja ya nyongeza kwa atakayeeleza "kwa nini", hata akiwa wa timu nyingine. Nyongeza hii ndiyo iliyowatoa wazee wetu wakimya.

Hatua ya sita: nipe mji

Pande zote mbili zikishindwa, mtegaji hatoi jibu bure. Husema kama tulivyofunzwa na bibi zetu: "Nipeni mji." Lakini sisi hatumpi Pate wala Siu. Tunampa mji wa katunini.

"Tumekupa Gotham!"

"Gotham siutaki, una giza."

"Tumekupa Wakanda!"

"Haya. Nalikwenda Wakanda mwaka 1966, nikaingia kwa mlango wa Fantastic Four nambari 52, nikamkuta mfalme T'Challa, ndiye Black Panther, amevaa ngozi ya chui mweusi miezi michache kabla chama cha Black Panther hakijaundwa Oakland, Marekani. Nikala nikashiba. Na jibu lenu ni hili..."

Sharti ni moja: mtegaji hawezi kuuchukua mji asipotoa jambo moja la kweli kuhusu mji huo. Akishindwa, hapati mji, na jibu analitoa hivyohivyo. Jiandae basi. Gotham lilikuwa jina la utani la New York tangu mwandishi Washington Irving alitumie mwaka 1807, na Batman mwanzoni alikuwa hana mji wenye jina hilo. Metropolis ilitajwa mara ya kwanza katika Action Comics nambari 16, mwaka 1939, Superman akiwa na mwaka mmoja na ushei bila mji. Latveria ya Doctor Doom, Smallville, kijiji cha Asterix kule Armorica: kila mmoja una mlango wake. Tangu tuweke sharti hili, watu hujifunza miji wiki nzima.

Hatua ya saba: ubishi na daftari

Ubishi utakuja, na ni afya. Ukurasa ukiwepo, ukurasa unaamua, hata kama anayebisha ni mkubwa wa umri kuliko wote. Mwambie kwa adabu, "Mzee wangu, tutazame pamoja," umpe kitabu atazame wa kwanza. Ukurasa usipokuwepo, hakuna anayepata alama. Ubishi unaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na majina ya waliobisha, na kila upande una wiki moja kuleta ushahidi. Angalia pia kama wote wawili wana haki. Shujaa The Phantom wa Lee Falk, aliyeanza magazetini mwaka 1936, huvaa zambarau Marekani, buluu Sweden, nyekundu Italia. Watu wawili wanaweza kubishana rangi hadi alfajiri, kila mmoja akikumbuka kitabu cha kweli.

Mshindi tunampa bahasha tupu. Miaka ya 1960 Marvel iliwatumia wasomaji waliogundua makosa vitabuni bahasha iliyotangaza kwamba ndani yake mna zawadi, na ndani hamkuwa na kitu. Watu waliitunza kama dhahabu. Zetu tunaandika kwa mkono jina la mtu na kitendawili alichokitegua. Nimeziona zimebandikwa kwenye kuta za vyumba.

Hatua ya nane: rudisha vitabu salama

Usivirudishe usiku huohuo vikiwa na unyevu wa nje. Asubuhi, jua likishapanda, vipepetue kurasa kivulini, kisha vifunge. Karatasi ya katuni ni ya gazeti, na mwanga unaigeuza manjano, basi usiviweke kwenye zidaka vikitazama dirisha, hata kama vinapendeza. Adui mkubwa wa kisiwani ni hewa ya chumvi kwenye pini za stepla: fungua katikati ya kitabu utaziona, kutu ya kahawia imezunguka tundu na karatasi imeanza kulika. Kila kitabu kikae ndani ya mfuko wake wa plastiki safi usio na harufu, na kadibodi nyuma yake, kisha ndani ya kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa. Tupia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe masika yakianza.

Na kabla watu hawajaondoka, waachie kitendawili kimoja kisichoteguliwa. Sisi tunakiita kiporo. Cha mwisho kilikuwa hiki: *Nina pete mbili. Ya kulia ikikugusa utaogopwa, ya kushoto ikikugusa utalindwa.* Tulifunga saa nne, kila mtu akaenda zake na fikira zake. Alfajiri, hata chai haijachemka, nikasikia hodi. Ni kijana wa jirani, anatoka msikitini, kofia bado kichwani.

"Ami, ni Phantom! Ya fuvu na ya ulinzi!"

"Ya fuvu mkono gani?"

Akainua mikono yote miwili, akaitazama. "Kulia."

Nikaingia ndani kuchukua daftari.